Maneno ya macho: Kigiriki, Kilatini au umeze tu, uanze na kipi?

Hili swali linarudi kila wanafunzi wapya wakiingia rotesheni ya macho: haya maneno yote nayashikaje, nimeze listi nzima ya madesa au nijifunze mizizi, na kama ni mizizi basi ipi, maana karibu kila sehemu ya jicho ina majina mawili, moja la Kigiriki moja la Kilatini, afu juu yake mgonjwa anakuja na lake la Kiswahili. Na sio wanafunzi peke yao, kuna wakalimani kule Marekani wanaokaa katikati ya daktari na mzee wa Kikongo aliyetokea kambini, na kuna mtu tu kaachiwa faili la mama yake anataka ajue limeandikwa nini.

Jibu nalitoa mapema, asiyetaka kusoma yote aondoke nalo. Magonjwa na operesheni, jifunze Kigiriki. Ramani ya jicho na cheti cha dawa, Kilatini kidogo kinatosha. Kumeza neno zima iachie yale machache yanayodanganya, nayo ntayataja. Na mgonjwa akishakaa mbele yako weka vyote pembeni ongea Kiswahili, ila hapo nako kuna maneno ya kuwa nayo makini, hasa "presha ya macho".

Kuhusu spelingi, hapa naandika kwa sauti ya Kiswahili. Kwenye pepa, f ya ofthalmo, ya blefaro na ya fako ni p na h, k ya dakrio na ya konea ni c, k ya kerato ndo k kweli. Ofthalmo inaandikwa p-h-t-h, h mbili, na ile ya kwanza ndo watu wanaisahau kila siku. Waliosomea Kifaransa, yaani Goma, Bukavu, Bujumbura, wana shida ya kinyume: Kifaransa kiliitupa h ya pili, kwaiyo wakihamia kwenye Kiingereza mkono unaandika wa nyumbani.

Kumeza au kukata vipande

Kumeza kuna faida moja, ni haraka. Kama tesi ni kesho asubuhi na listi ina maneno thelathini, meza, hakuna atakayekulaumu. Shida inakuja siku unakutana na neno la thelathini na moja.

Chukua dakriosistorinostomi, kwenye mafaili wanaandika DCR wanaishia hapo. Ukilimeza ni silabi kibao zisizo na kichwa wala miguu. Likate: dakrio ni chozi, sisto ni mfuko, rino ni pua, stomi ni kufungua mdomo au tundu. Tayari operesheni yote iko mezani, wanafungua njia mpya kutoka kwenye mfuko wa machozi kwenda puani. Machozi kawaida yanashukia puani kwa mfereji mwembamba, ndo maana mtu akilia anapenga kamasi, sasa mfereji ukiziba machozi yanamwagika shavuni mchana kutwa na ile kona ya jicho karibu na pua inaweza kuvimba ikatunga usaha. Huo uvimbe unaitwa dakriosistitisi na nadhani umeshalisoma mwenyewe bila mimi, dakrio, sisto, afu itisi ya mwako. Dakrioadenitisi je? Adeno ni tezi, basi ni tezi ya machozi imewaka. Vipande sita vimekupa maneno matatu, na rino na stomi utaenda nazo mpaka wodi ya ENT (masikio, pua na koo) na ya upasuaji.

Kwa hiyo kati ya kumeza na kukata hakuna mechi hapo. Mechi iko kwenye kuchagua mizizi ipi.

Kigiriki na Kilatini, sehemu kwa sehemu

Kigiriki kiko kushoto, Kilatini kulia:

Jicho: ofthalmo / okulo
Konea (kioo cha mbele cha jicho): kerato / korneo
Kope: blefaro / palpebra
Chozi: dakrio / lakrima
Lenzi: fako / lenti
Mboni: kore / pupila
Retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha): (achana nayo) / retino

Kanuni ya jumla ni kwamba mwili ukiwa mzima unaitwa Kilatini, ukiumwa au ukikatwa unaitwa Kigiriki. Tezi ya machozi kwenye kitabu cha anatomia ni tezi ya lakrima, ikiwaka inageuka dakrio. Kope ni palpebra, kwa mfano ile konjunktiva (ngozi laini inayofunika nyeupe ya jicho) ya ndani ya kope wanaiita ya palpebra, ila ikianza kuwasha na magamba kwenye mizizi ya nywele ni blefaritisi, ikipepesa yenyewe bila kutulia ni blefarospazimu, ikifanyiwa ukarabati ni blefaroplasti. Hapa nikisema kope namaanisha ule mfuniko wenyewe wa jicho, sio nywele zake, maana Kiswahili chetu cha mtaani kinavichanganya na ukimwambia mgonjwa "kope zako zimevimba" anaweza kushika nywele.

Konea ndo sehemu tajiri kuliko zote. Lugha zote mbili zimeiita pembe, Kigiriki keras, Kilatini kornu, watu wa kale waliona ngumu na angavu kama pembe iliyokwanguliwa. Korneo inabaki kwenye ramani, kerato inachukua kazi yote iliyobaki: keratitisi, konea imewaka, keratoplasti, kupandikiza konea, keratokonasi, konea imechongoka umbo la pia na miwani ya kawaida haisaidii sana tena, keratomalesia, konea imelainika mpaka inayeyuka, hiyo ni ya watoto wenye upungufu mkali wa vitamini A, na surua inaweza kumsukuma mtoto huko kwa siku chache. Ukitaka mzizi mmoja tu wa kuanza nao kwenye kozi nzima ya macho chukua kerato, utakuta unaurudia kuliko mwingine wowote. Kasoro yake ni moja, kerato ni ya ngozi pia. Keratosisi haina uhusiano na jicho, ni ngozi imekuwa ngumu. Kwaiyo angalia uko kliniki gani.

Lenzi nayo raha yake. Fakos na lens zote ni adesi, wale wa Kenya wanaita kamande, kwa sababu ya umbo. Kiarabu nacho kinafanya hivyohivyo, lenzi ni adasa. Ila kwenye kazi Kigiriki kimeshinda kabisa: afakia ni jicho lisilo na lenzi, pseudofakia ni jicho lenye lenzi ya bandia. Hili la pili linatisha watu bure, mtu anaona "pseudo" kwenye faili anadhani kuna ujanja umefanyika, kumbe maana yake operesheni ya mtoto wa jicho imeshafanyika na lenzi imo. Hizo lenzi za bandia zilianza na Harold Ridley, St Thomas' London, mwaka 1949, baada ya kuona vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vikikaa ndani ya macho ya marubani wa vita bila jicho kuvikataa. Na ile fakoemalsifikesheni, kuivunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuivuta, ni ya Charles Kelman, 1967. Watu wameikata kimazoea, utasikia "amefanyiwa fako", na wanailinganisha na SICS, operesheni ya mtoto wa jicho kwa mkato mdogo, ambayo ndo inafanyika zaidi kwenye hospitali zetu nyingi, haihitaji mashine ya gharama. Angalia lakini, kwenye jina la lenzi ya bandia yenyewe Kilatini kimejirudisha, intraokula, IOL.

Mboni. Kore ni msichana, pupila ni kisichana au mwanasesere, zote zinatokana na ile picha ndogo ya wewe mwenyewe unayoiona ukimkaribia mtu machoni. Kilatini unakitumia unapotaja mboni nzima na jinsi inavyoitikia tochi, Kigiriki pale kuna kasoro. Anisokoria ni mboni hazilingani, moja kubwa moja ndogo. Leukokoria ni mboni nyeupe, na hili neno naomba hata mzazi wa kawaida alijue, sio lazima jina, dalili yake: picha ya flashi jicho moja la mtoto linang'aa jeupe wakati lingine ni jekundu au jeusi. Inaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, inaweza kuwa retinoblastoma ambayo ni kansa, na zote mbili hazisubiri likizo ya shule, mtoto apelekwe wiki hiyohiyo.

Retina hapo ndo Kilatini kinachukua kombe peke yake. Rete ni wavu. Wagiriki nao waliiita wavu, ila kwa neno refu sana, amfiblestron, ule wavu wa kurusha ambao wavuvi wetu wanaita kimia, na kama lingeshinda leo tungekuwa tunaandika amfiblestritisi kwenye pepa. Tushukuru. Retinopati, retinitisi, zote ni kichwa cha Kilatini na mkia wa Kigiriki. Ndivyo ilivyo pia konjunktivitisi, vitrektomi na trabekulektomi. Kwahiyo ukisikia mtu anasema kuchanganya lugha mbili ndani ya neno moja ni kosa mwambie aende akabishane na kliniki nzima.

Jicho lenyewe nimeliacha mwisho kwa sababu hapa uchaguzi una madhara ya pesa. Ofthalmo ni jicho kama kiungo, opto inatoka kwenye kuona. Ofthalmolojisti ni daktari aliyebobea, anatibu na anapasua. Optometrista anapima uwezo wa kuona, anaandika miwani, anagundua magonjwa na kukupa rufaa. Optisheni anatengeneza na kukuuzia miwani. Herufi za mwanzo zinafanana mno na mabango ya mjini yanaandika "opto" hivi "optiko" vile, mtu anaingia duka la miwani na jicho linalouma limekuwa jekundu anatoka na fremu mpya. Kama ni herufi hafifu za kusoma, opto inatosha kwa kuanzia. Kama ni maumivu, wekundu, kuumia au kuona kumepotea ghafla, tafuta ofthalmo, au kliniki ya macho ya hospitali yoyote iliyo karibu.

Na kwenye chupa za dawa kuna ofthalmiki na otiki. Otiki ni ya sikio. Chupa zinalingana saizi, vifuniko vinalingana, zote zinakaa droo moja ya kabati la nyumbani. Hapa soma neno lote mpaka mwisho.

Mikia inayofanana

Mizizi ya mbele watu wanaishika, mikia ndo inawapa sapu. Tomi ni kukata au kutoboa, ektomi ni kukata na kutoa, stomi ni kufungua tundu, plasti ni kurekebisha umbo. Iridotomi ni tundu kwenye airisi, ile sehemu ya rangi inayozunguka mboni, kwa leza, iridektomi ni kipande cha airisi kimetoka. Herufi mbili tatu lakini fomu ya ridhaa inatofautiana.

Opia na opsia zote ni kuona, tofauti ni ya mazoea: opia inabebwa na hali, mayopia, presbayopia, diplopia, ambliopia, opsia inabebwa mara nyingi na vitu mtu anavyoviona, fotopsia kwa mfano, mimuliko ya mwanga isiyokuwepo. Ile ya kukosa nusu ya uwanja wa kuona inaandikwa kwa mikia yote miwili na hakuna anayekusahihisha. Usipoteze usiku hapa.

Miosisi na midriasisi: mboni ndogo, mboni kubwa. Neno fupi mboni ndogo, neno refu mboni kubwa, imekwisha. Atropini na tropikamaidi zinapanua, pilokapini inabana. Mgonjwa aliyewekewa matone ya kupanua aambiwe kabla kwamba ataona ukungu kwa karibu kwa masaa kadhaa na jua litamchoma, asije na pikipiki.

Makengeza yana tropia na foria. Tropia unaiona kwa macho, jicho limekwenda pembeni. Foria imejificha mpaka ufunike jicho moja. Eso ndani, ekso nje. Basi.

Yanayodanganya, haya meza tu

Mkia wa oma. Huu kila mtu anafundishwa kwamba ni uvimbe, afu anafika macho anakuta glakoma, trakoma, skotoma, koloboma, na hakuna hata kimoja ambacho ni uvimbe. Glakoma ni mshipa wa fahamu wa jicho unaharibika, jina linatoka kwenye rangi ya kijivubluu. Skotoma ni doa la giza kwenye uwanja wa kuona. Koloboma ni kipande cha jicho ambacho hakikuumbika, mara nyingine unakiona kwenye airisi, mboni inakuwa na umbo la tundu la funguo. Retinoblastoma na melanoma ndo uvimbe kweli. Sasa fikiria mama kaambiwa koridoni "mtoto ana koloboma" akatoka akaulizia kwa jirani, jirani akasema oma ni kansa. Ukiwa mkalimani hapa usitafsiri mkia, eleza kitu chenyewe.

Trakoma na trikiasisi. Trak ni kukwaruza, ukigeuza kope la juu la mgonjwa unakuta vipunjepunje, ndo huo ukwaruzo. Trakea, bomba la hewa, ni mzizi huohuo kwa sababu ya zile pete zake, kwahiyo usishangae. Trik ni nywele: trikiasisi ni nywele za kope zimegeukia ndani zinasugua konea kila ukipepesa. Moja inaleta nyingine, trakoma ikijirudia kwa miaka inaacha makovu, kovu linavuta kope, kope linageuka, nywele zinaingia. Dodoma, hasa Kongwa ambako trakoma imefuatiliwa kwa miongo, watu wanasema "vikope" kwa vyote viwili, na kwa mazungumzo ni sawa, lakini ukiandika rufaa usiandike vikope, maana trakoma inayowaka inatibiwa kwa azithromaisini au tetrasaikilini ya kupaka pamoja na usafi wa uso, trikiasisi inataka operesheni ya kope.

Vano, ile ya keratokonjunktivitisi ya watoto wanaojikuna macho mpaka yanakuwa ya kahawia. Neno ni la majira ya kuchipua ya Ulaya. Huku kwetu hakuna hayo majira, mtoto anajikuna mwaka mzima, na nimeona watu wanajibu kwenye pepa kwamba ugonjwa unakuja mwezi wa nne. Liite aleji ya macho kwa mzazi, liite VKC kwenye faili.

Pterijiamu na pinguekula zinadanganya kwa kufanana mahali zilipo. Pteriks ni bawa: nyama umbo la pembetatu inatoka kona ya jicho inapanda juu ya konea. Pinguis ni mafuta: kauvimbe ka njanonjano kanakaa palepale kwenye nyeupe, hakavuki. Wavuvi, madereva wa bodaboda, wakulima, wote wanakuja na "nyama imeota jichoni", na swali lako ni moja tu, imevuka mpaka wa konea au haijavuka.

Hordiolamu na kalazioni ni shayiri na punje ya mvua ya mawe. Kiswahili kina chokea kwa kile cha kwanza, chenye maumivu. Kalazioni haiumi, inakaa tu ngumu ndani ya kope.

OD, OS au RE, LE

Hapa sina huruma na Kilatini. OD ni okulus deksta, jicho la kulia, OS okulus sinista, la kushoto, OU yote mawili. Ni vifupisho vya heshima na kwenye karatasi za miwani vimejaa. Tatizo ni kwamba kwenye cheti cha dawa cha Tanzania na Kenya OD maana yake ni mara moja kwa siku. Sasa mtu kaandika "gutt. prednisolone OD". Gutt ni matone. Ni tone jicho la kulia, au ni tone mara moja kwa siku? Mfamasia wa dirishani hawezi kujua, na tofauti yake ni jicho lililopasuliwa kukosa dawa. Marekani kwenyewe, ISMP, taasisi inayofuatilia makosa ya dawa, imeviweka OD, OS na OU kwenye listi ya vifupisho vya kuepuka.

RE na LE havina hiyo shida, na "jicho la kushoto" lililoandikwa wazi halina shida kabisa. Linganisha na hii: "gutt. timolol 0.5% BD LE, oc. TEO nocte LE". BD mara mbili, nocte usiku, oc. ni dawa ya kupaka jichoni, TEO ni tetrasaikilini ya macho. Kilatini kimebaki kwenye dozi, jicho limetajwa kwa lugha ambayo haigongani na kitu. Mkalimani wa Wakongomani aongeze moja: mafaili ya Kifaransa yanaandika OD na OG, OG ndo kushoto. Ukiona OG usitafute okulus wa tatu.

Kiswahili cha mgonjwa

Neno la kitaalamu au la mtaani? Inategemea ugonjwa. Mtoto wa jicho liache lilivyo, linaeleweka Kigoma mpaka Lamu, na katarakta haliongezi chochote kwa mgonjwa. Ila uliza kwanza, maana wengine wakiona weupe wowote, hata kovu la konea, wanaita mtoto wa jicho, na kovu halitoki kwa SICS.

Presha ya macho hilo ningelipunguza. Mgonjwa anasikia presha, anaenda kupunguza chumvi, anapimwa mkono anaambiwa 120 kwa 80, anarudi nyumbani na furaha kwamba presha imekwisha na matone anaacha. Presha ya jicho ni kitu kingine, kawaida inahesabiwa kati ya 10 na 21, na kuna watu wana glakoma na namba zao ziko humohumo. Kwahiyo sema glakoma, afu eleza kwa sentensi mbili: mshipa wa jicho unaharibika taratibu bila maumivu, kilichopotea hakirudi, dawa inalinda kilichobaki. Wale walioko Oman wana kamtego kao, Waarabu mtoto wa jicho wanauita maji meupe na glakoma maji ya bluu, na mgonjwa wa Kiswahili akitafsiriwa neno kwa neno anadhani yote mawili ni maji ya kutolewa kwa operesheni akaona sawasawa. Mtoto wa jicho ni hivyo, glakoma sivyo.

Macho mekundu ni dalili tu. Mwanzoni mwa 2024 Dar ilipojaa red aizi kila mwenye jicho jekundu alijiita hivyo, na konjunktivitisi ya kirusi kweli ndo ilikuwa nyingi, lakini jicho jekundu lenye maumivu makali na kuona ukungu linaweza kuwa keratitisi au uveitisi, yaani mwako wa ndani ya jicho. Mizizi ndo inakusaidia kuuliza maswali hapo, ni ngozi ya juu tu au ni konea au ni ndani.

Aliyeachiwa faili la mama yake, haya yote hayahitaji. Mfano wa mstari ambao unaukuta kwenye mafaili: "RE IMSC, LE pseudophakia, IOP 14/16, plan SICS + PCIOL RE". Kulia kuna mtoto wa jicho wa uzee ambao haujakomaa. Kushoto alishapasuliwa na lenzi imo. Presha ya ndani ya macho yote mawili iko kwenye namba za kawaida. Mpango ni kupasua la kulia na kuweka lenzi nyuma ya airisi. Cha kwenda kuuliza dirishani ni tarehe ya operesheni, bima inalipia au la, na nani atamshika mkono kumrudisha nyumbani jicho likiwa limefungwa.